Kiondo cha Nyanya na Uchumi wa Taifa

Naandika kutoka hapa Zombe, ambako jua huwaka kana kwamba linalipwa mshahara. Mimi si mchumi, wala sitaki kujifanya mmoja. Naandika kwa sababu nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la maneno.

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala. Mada ilisema: “Sanaa haiwezi kujenga uchumi wa nchi.” Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono, na nakiri kwamba tulishinda. Nilisimama nikanena kwamba nchi hujengwa na wahandisi, madaktari na wakulima. Ati waimbaji, wachongaji na wasusi wa vyondo ni watu wa kutuburudisha tu baada ya kazi kwisha. Makofi yalivuma kama mvua ya Novemba. Mwalimu mlezi wa chama alitabasamu, akangoja kelele zitulie, kisha akaniuliza swali moja tu: “Hivyo viatu ulivyovaa vilinunuliwa kwa pesa gani?”

Nilitazama chini. Viatu vile, vyeusi na bado vinang’aa, vilinunuliwa kwa pesa za vyondo viwili vya nyanya yangu. Nilikaa kimya. Ushindi wangu ulinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Makala haya ndiyo jibu langu kwa mwalimu.

Kwanza tuelewane: kazi za ubunifu ni zipi? Ni zile kazi ambazo thamani yake kubwa hutoka katika akili na mkono wa mtu, wala si katika mali ghafi. Humo mna muziki, uchongaji, ususi, uchoraji, ushonaji wa mitindo, uandishi wa vitabu, maigizo, filamu, hata programu za kompyuta. Chukua mfano wa mkonge, mmea ambao sisi hapa huupanda kama ua wa shamba. Mkonge huo ukiuzwa kama nyuzi una bei yake. Ukisokotwa ukawa kamba ya kufungia ng’ombe, bei inapanda kidogo. Ukisukwa ukawa kiondo chenye nakshi, bei inapanda mara nyingi zaidi. Mkonge ni ule ule. Kilichoongezeka ni nini? Ni ujuzi, ni subira, na ni wazo. Wazo hilo ndilo wachumi wanaloliita mali, ingawa huwezi kulipima kwa ratili.

Likizo ya Agosti niliamua kuketi na nyanya, kalamu na daftari mkononi, nione kiondo kinavyozaliwa. Susu (ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu) alicheka sana. “Mjukuu wangu,” akasema, “umekuja kuandika kitabu cha vyondo?” Nikamwambia ndiyo, kitabu kidogo.

Nikaanza kuandika. Majani ya mkonge hukatwa na kijana wa jirani ambaye hulipwa kwa mzigo. Majani hukwaruzwa mpaka nyama ya jani itoke na nyuzi zibaki, zikaoshwa na kuanikwa. Zamani nyanya alitumia pia nyuzi za gome la mbuyu, na rangi alizipata kwa kuchemsha maganda na mizizi ya miti. Siku hizi rangi nyingi hununuliwa dukani. Kisha nyuzi husokotwa kwa kuviringwa juu ya paja. Nilijaribu mwenyewe, nikang’oa vinyweleo vya paja langu hadi machozi yakanitoka, na uzi wenyewe ukatokea mnene hapa, mwembamba pale, kama nyoka aliyemeza vyura wawili. Baada ya hapo ndipo kitako cha kiondo huanza, mviringo mdogo, ukapanuka pole pole.

Kikisha kusukwa, bado kina safari. Fundi wa ngozi hukitia mikanda. Matatu hukipeleka mjini Kitui, kikaenda Nairobi au Mombasa. Mwenye duka hukiweka mahali pa kuonekana. Hesabu nami: mkata mkonge, muuza rangi, msusi, fundi wa ngozi, dereva, utingo, mwenye duka na karani wake. Kiondo kimoja kimewalisha watu wanane! Huo ndio mchango wa kwanza wa kazi za ubunifu katika uchumi: pesa haziishii kwa msanii, bali hutembea. Ukimwona msanii mmoja, jua nyuma yake kuna msururu.

Mchango wa pili ni uvumbuzi, nami kwa ujinga wangu nilidhani uvumbuzi ni jambo la maabara tu. Miaka michache iliyopita, baada ya mvua, nyanya aliona siafu wakivuka njia mbele ya nyumba, mstari mweusi ukipindapinda juu ya udongo mwekundu. Jioni ile alianza kusuka kiondo chenye mstari kama ule. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kuisuka nakshi hiyo. Ili mstari upinde bila kuvuruga kiondo, ilimbidi abadilishe jinsi ya kuhesabu nyuzi, na alikifumua mara tatu kabla hakijakubali. Hebu niambie, mtu anayejaribu, akakosea, akafumua, akajaribu tena hadi akapata njia mpya, kama si mvumbuzi ni nani?

Wala jambo hili si geni Ukambani. Tangu jadi Wakamba walichonga vigoda vya miguu mitatu, miiko na vyombo vingine vya nyumbani. Lakini uchongaji wa sanamu za kuuza una historia yake. Jina linalotajwa ni la Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, katika Machakos ya leo. Ukipanda gari la Nairobi kutoka Kitui kupitia Machakos, utapita Wamunyu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Mutisya alijikuta kusini ya mpaka, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Huko aliwaona mafundi wa Kizaramo wakichonga, akajifunza. Vita viliwarudisha watu wengi makwao na majeraha; yeye alirudi pia na ufundi. Alichonga, akauza, jamaa na majirani wakajifunza kwake, na kijiji kizima kikashika tezo. Kutoka hapo wachongaji wa Kikamba walisambaa hadi Gikomba jijini Nairobi, Malindi, na Changamwe kule Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Akamba kilianzishwa mwaka 1963. Ustadi wa mtu mmoja ulizaa riziki ya maelfu, na watalii waliotoka Ulaya na Marekani wakarudi kwao na twiga wa Ukambani mizigoni.

Sasa sikiliza jambo lililonifurahisha zaidi. Wachongaji walipenda miti migumu kama mpingo na muhugu. Lakini mti huchukua miaka mingi kukua na dakika chache kuangushwa, na miti ile ikapungua sana. Je, ufundi ufe? La. Wachongaji wakageukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua haraka na inayopandwa mashambani. Haikuwa rahisi. Mwarobaini usipokaushwa vizuri hupasuka, na sanamu iliyopasuka hainunuliwi. Ilibidi wajifunze upya kukausha, kupiga msasa na kupaka rangi. Mwaka 2005 michongo ya mwarobaini kutoka pwani ilipata cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu, lile linalojulikana kwa herufi FSC, kuonyesha kwamba mti wake umetoka mahali panapotunzwa. Mkulima wa pwani aliyekuwa na mwarobaini uani kwa ajili ya kivuli na dawa ya malaria akajikuta na mti wenye soko. Sisi wa Kitui tunaoona miti yetu ikiishia kwenye magunia ya makaa tungefaa kulitafakari jambo hili. Gogo likichomwa huuzwa mara moja tu. Likichongwa na mkono wenye akili, huzaa bei nyingine kabisa.

Tuache miti kidogo, tuje kwenye sauti. Wazazi wetu wanamkumbuka Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, waliotamba miaka ya 1970 na 1980 kwa muziki wa benga. Kakai aliimba kwa Kikamba, lakini pia aliimba kwa Kiswahili, na kwa njia hiyo nyimbo zake zilivuka mipaka ya Ukambani zikapendwa nchi nzima. Alifariki mwaka 1987, na hadi leo gita lake linasikika ndani ya matatu. Wanachama wenzangu, mnaona? Kiswahili chenyewe ni barabara ya biashara. Mwimbaji aliyeongeza lugha moja aliongeza wateja. Na santuri moja ilimpa kazi fundi wa mitambo ya kurekodi, mwenye kiwanda cha santuri, muuzaji wa dukani na mwenye hoteli aliyetaka wateja wakae wanywe soda nyingine.

Pengine utasema, “Hizo ni hadithi, lete tarakimu.” Haya, tarakimu ni hizi. Uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Haki Miliki Duniani ulionyesha kwamba mwaka 2007 kazi zinazotegemea hakimiliki, yaani vitabu, magazeti, muziki, filamu, programu za kompyuta na nyinginezo, zilichangia takriban asilimia 5.3 ya pato la Kenya. Kwa lugha ya sokoni, katika kila shilingi 100 zilizozalishwa nchini, zaidi ya 5 zilitoka huko. Si haba! Aidha, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2021 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Uchumi wa Ubunifu kwa Maendeleo Endelevu. Wakubwa wa dunia hawatengi mwaka mzima kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani mambo ni shwari. Hayako shwari, na hapa ndipo kiini cha makala yangu kilipo.

Turudi kwa nyanya. Kiondo kile cha siafu alikisuka kwa siku 12, kila siku yapata saa 3. Mkonge na rangi vilimgharimu shilingi 180. Broka alikuja siku ya soko, akakigeuza geuza kama anayekagua mbuzi mgonjwa, akatoa shilingi 500. Toa gharama, baki ni 320. Gawanya kwa saa 36. Haifiki hata shilingi 9 kwa saa! Ule mstari wa siafu nao ulilipwa kiasi gani? Sufuri. Broka alilipa mkonge na jasho, wazo akalichukua bure. Sokoni lililofuata alikuja akiwaambia akina mama wote, “Nileteeni ya siafu.” Kila mtu akaisuka, na bei ikashuka.

Mwaka jana nilipoenda Nairobi na wenzangu, nilikiona kiondo cha siafu katika duka moja la zawadi. Kilikuwa kimetiwa mikanda ya ngozi na bitana. Bei yake: shilingi 3,200. Nilikishika kwa muda mrefu hata muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. Kilikuwa na kikaratasi kilichosema kimetengenezwa kwa mkono nchini Kenya. Kwa mkono wa nani? Hakikusema.

Nisieleweke vibaya. Mgala muue na haki umpe. Broka hulipa nauli, hubeba hasara mvua ikinyesha mzigo, na mwenye duka hulipa kodi na mshahara. Sisemi wote ni wezi. Nasema tu kwamba katika msururu ule wa watu wanane, aliyetoa wazo ndiye aliyepata kidogo kuliko wengi, na jina lake lilipotea njiani kati ya Zombe na Nairobi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hawakutuambia anayepokea bei ni nani.

Na yaliyompata nyanya mmoja yaliwahi kuipata nchi nzima. Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipendwa sana ng’ambo, kikawa mkoba wa mabinti wa Ulaya na Marekani. Viwanda vya Asia vilipoona soko, vikatengeneza mifuko ya kuiga, kwa mashine, kwa bei ya chini. Soko la akina mama wetu likadidimia. Mashine haikuiba mkonge wetu, iliiga sura. Tulikuwa tumelinda ghala tukaacha mlango wazi.

Je, kuna dawa? Ipo, ingawa si ya kumeza mara moja ukapona. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi za fasihi, muziki na sanaa, na ulinzi huo huendelea kwa miaka 50 baada ya mwenye kazi kufariki. Sheria ya Mali ya Viwanda, ya mwaka huo huo, inamruhusu mtu kusajili umbo au nakshi mpya. Usajili hudumu miaka 5, na unaweza kuongezwa hadi ifike 15. Kisha kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi ya jamii, kwa maana ususi wa kiondo wenyewe si mali ya mtu mmoja. Ni urithi, Mkamba anao, Mkikuyu anao, Mtaita anao. Nyanya hawezi kusema kiondo ni changu. Anaweza kusema mstari huu wa siafu niliubuni mimi, mradi ausajili kabla haujasambaa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa akina mama wa Taita. Waliungana, wakasajili nembo moja ya pamoja kwa vikapu vyao, ili mnunuzi akiiona ajue kimetoka Taita kwa mkono wa Mtaita. Nembo haimzuii mwingine kusuka kikapu. Inamzuia kudanganya kwamba chake ni cha Taita. Hapo jina linakuwa mali, na mali hiyo haiozi wala haililiwi na mchwa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza nyanya hayo yote. Alinisikiliza huku anasokota uzi, kisha akauliza, “Na hiyo nembo inauzwa soko gani?” Tulicheka, lakini alilipeleka jambo kwa kikundi chao cha akina mama. Nilialikwa niandike kumbukumbu za mkutano. Walibishania jina la kikundi mchana kutwa, chai ikaisha, jina halikupatikana. Mkutano wa pili lilipatikana. Sasa wanachangishana ada, kila mmoja shilingi 50 kwa wiki, na hawajafika bado. Wameshaafikiana kwamba kila kiondo kitakachotoka kwao kitakuwa na kikaratasi chenye jina la msusi. Kwa nyanya hilo lilikuwa jambo la ajabu. Amesuka tangu akiwa msichana, na hakuna kiondo chake hata kimoja kilichowahi kutembea na jina lake.

Ndugu mwanafunzi mwenzangu, nayasema haya kwa sababu nawe una uamuzi mbele yako. Wadogo zetu walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wamegawika mikondo mitatu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Nimewasikia watu, hata baadhi ya wazazi, wakisema ati mkondo wa Sanaa ni wa wale walioshindwa. Nilikuwa nikisema hivyo hivyo jukwaani, na viatu vya sanaa miguuni! Sikuambii uache hesabu. Kinyume chake: nyanya angejua hesabu ya gharama na faida, asingekubali shilingi 500. Mchongaji wa mwarobaini anahitaji sayansi ya kukausha mbao. Mwimbaji anahitaji kujua sheria. Ninachosema ni kwamba ubunifu bila elimu hunyonywa, na elimu bila ubunifu huishia kuiga.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nina ombi. Shuleni mwetu kuna wachoraji hodari. Nimeona kazi zao nyuma ya madaftari, pahala ambapo hazikutakiwa kuwa. Kikundi cha akina mama kinahitaji mchoro wa nembo na kinahitaji maelezo mafupi ya Kiswahili safi kwenye vikaratasi vyake. Chama cha Kiswahili na wanafunzi wa sanaa wakishirikiana, kazi hiyo ni ya alasiri mbili. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza ni lazima kwao wamtambue.

Na kwa mwalimu mlezi: naomba mada ile irudishwe muhula ujao. Mara hii nitasimama upande wa kupinga, na nitakuja na kiondo mkononi.